Nasaba ya Kuumeni: M293 na Wafugaji wa Kale wa Bonde la Ufa

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinisubiri mlangoni mwa ukumbi baada ya kipindi, simu mkononi, uso umekunjamana kama wa mtu aliyetumwa. "Mwalimu," akasema, "hii M293 ni ya nani? Ni ya Wakalenjin ama ni ya Wamaasai?" Nilimuuliza ameipatia wapi. Akasema huko bwenini wamebishana hadi usiku wa manane, na kwamba kuna mwenzao anadai sayansi imethibitisha ni nani waliotangulia kufika Bonde la Ufa, na ni nani waliokuja baadaye. Walitaka nitoe uamuzi.

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia anipe wiki moja. Ukweli ni kwamba swali lake lilinigusa mahali ambapo nilikuwa na deni, na deni lenyewe nitalieleza hapo mbele.

Tuanze na lugha, maana ukumbi huu ni wa lugha. Kiswahili kina maneno mawili mazuri ambayo vijana wa siku hizi wanaanza kuyasahau: kuumeni na kukeni. Jamaa wa kuumeni ni wa upande wa baba. Wa kukeni ni wa upande wa mama. Wataalamu wetu walipotafuta neno la kile ambacho wanabiolojia hukiita jeni, baadhi yao waliunda neno kinasaba, kutokana na nasaba, yaani silsila ya vizazi. Mimi nalipenda neno hilo, lakini pia naliogopa kidogo. Linampa msikilizaji picha kwamba ndani ya damu yake mna kitabu cha ukoo kilichoandikwa majina, na kwamba akikifungua tu ataona kabila lake. Hakuna kitu kama hicho.

Kilichomo ni hiki. Mwanamume hurithi kromosomu Y kwa baba yake, naye baba aliirithi kwa baba yake, hivyo hivyo kwenda nyuma bila kupitia kwa mwanamke hata mmoja. Kromosomu hiyo ina takriban herufi milioni 60 za kikemia, na sehemu yake kubwa hunakiliwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila kuchanganywa na chochote cha mama. Mara mojamoja mnakili hukosea herufi moja. Kosa hilo likishatokea kwa mtu mmoja, wanawe wote wa kiume watakuwa nalo, na wajukuu wa kiume waliozaliwa na wana hao, na kuendelea. Ni kama kosa la chapa katika msahafu ulionakiliwa kwa mkono Lamu au Siyu: ukikuta nakala kumi zina kosa lile lile kwenye ukurasa ule ule, unajua zote zilitokana na nakala moja. M293 ni jina la kosa moja la aina hiyo. Halina maana nyingine. Mwanamume mmoja, asiyejulikana jina, alizaliwa nalo, na leo limo katika miili ya wanaume wengi.

Tawi hili la M293 ni sehemu ya tawi kubwa zaidi liitwalo M35, ambalo linapatikana kwa wingi kaskazini-mashariki mwa Afrika, na vitagaa vyake vimefika hadi Afrika ya Kaskazini na pande za Mediterania. M293 yenyewe ina makao ya kusini zaidi. Mwaka 2008 Brenna Henn na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa wanaume wa jamii mbalimbali zinazoishi leo. Waliikuta M293 Tanzania, miongoni mwa Wadatoga, Waburunge na Wasandawe, kisha wakaikuta mbali sana, kusini mwa bara, kwa watu wa jamii za Khoisan kama vile Wakhwe. Hoja yao ilikuwa kwamba ufugaji ulifika kusini mwa Afrika takriban miaka 2,000 iliyopita ukiwa umebebwa na watu waliopitia Tanzania, wala haukuwa tu desturi iliyopokezanwa kutoka kijiji hadi kijiji.

Hoja ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na tundu. Ilitegemea watu walio hai. Watu walio hai huhama, huoana, hutekana, hupoteana. Ili kujua ni nani waliokuwa wakichunga hapa miaka 3,000 iliyopita, ni lazima uwaulize wao wenyewe.

Na wao wapo. Wapo katika makabati ya Makavazi ya Kitaifa, ambako mifupa iliyochimbuliwa tangu enzi za ukoloni ilihifadhiwa. Msomaji aliyewahi kupita Nakuru huenda amepita karibu na kimojawapo cha vituo vyenyewe bila kujua. Kile kilima cha mawe kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, Hyrax Hill, ambacho wanafunzi wa shule hupelekwa kuona mashimo ya Wasirikwa na vibao vya bao vilivyochongwa mwambani, kina makaburi ya wafugaji wa kale chini ya mashimo hayo. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938. Wanawake walikutwa wamezikwa na sinia na mabakuli ya mawe, wanaume hawakupewa. Mwaka 1938 yeye na mumewe Louis walichimba pia pango la mto Njoro, si mbali na hapo, wakakuta mabaki ya watu kama 80 waliochomwa moto, kila mmoja na vyombo vyake: bakuli la jiwe, mchi, shanga za mawe ya rangi. Shanga zile ukiziona hutaamini kwamba waliozitoboa hawakuwa na chuma.

Watu hao walikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Walifika kwanza pande za Ziwa Turkana yapata miaka 5,000 iliyopita, na huko walijenga makaburi makubwa ya pamoja yenye nguzo za mawe, kama lile la Lothagam. Baadaye wakashuka polepole kuelekea nyanda za juu. Kuanzia kama miaka 3,300 iliyopita wanaonekana kila mahali: Naivasha, Elmenteita, Mau, Loita, Laikipia, hadi uwanda wa Mbulu kule Tanzania, mahali paitwapo Luxmanda.

Wanaakiolojia waliwagawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza wakaliita la Savana. La pili, lililokaa zaidi upande wa magharibi wa Bonde na juu ya Mau, wakaliita la Elmenteita. Mgawanyo huo haukutoka hewani. Makundi haya yalifinyanga vyungu kwa mitindo tofauti, yalizika tofauti, na hata mawe ya kuchongea visu yaliyatoa sehemu tofauti: watu wa Elmenteita walipenda jiwe jeusi linalong'aa kama kioo kutoka mteremko wa juu wa mlima Eburru, hali wale wa Savana walitumia zaidi la upande wa Naivasha.

Hapa ndipo deni langu linapoingia.

Kuanzia miaka ya sabini, mwanahistoria Christopher Ehret alifanya kazi kubwa ya kulinganisha maneno ya lugha za eneo hili, akajenga picha ya nani aliishi karibu na nani kabla ya maandishi. Katika picha hiyo, Wakushi wa Kusini, wale ambao ndugu zao wa lugha leo ni Wairaki na Waburunge wa Tanzania, walitangulia nyanda za juu za Kenya. Kisha wakaja Waniloti wa Kusini, mababu wa lugha za Kalenjin na Kidatoga. Mwaka 1982 mwanaakiolojia Stanley Ambrose aliunganisha picha hiyo na vyungu. Watu wa Savana, alisema, ndio waliozungumza Kikushi; wa Elmenteita ndio waliozungumza Kiniloti. Ilikuwa hoja safi. Vyungu viwili, makaburi ya aina mbili, lugha mbili.

Nami kwa miaka mingi nimeichora ubaoni. Mstari wima katikati, Savana na Kikushi kushoto, Elmenteita na Kiniloti kulia. Wanafunzi huipenda kwa sababu inaingia vizuri katika daftari na hutoka vizuri katika mtihani. Ambrose mwenyewe aliileta kama nadharia ya kupimwa. Mimi niliifundisha kama ratiba ya gari moshi.

Mwaka 2019 kundi la watafiti likiongozwa na Mary Prendergast, kwa ushirikiano na wataalamu wa makavazi ya Kenya na Tanzania, lilichapisha DNA ya watu 41 wa kale kutoka nchi hizi mbili. Walikuwemo wa Savana, walikuwemo wa Elmenteita, walikuwemo wawindaji waliowatangulia na watu wa enzi ya chuma waliowafuata. Wengi wa wanaume wa enzi ile ya ufugaji walikuwa na nasaba ya kuumeni ya tawi lile lile la M293. Kwa hiyo Henn na wenzake walikuwa wameona sawa: alama hiyo ilikuwapo hapa, miongoni mwa wafugaji, maelfu ya miaka iliyopita.

Lakini kilichoniuma ni jambo la pili. Walipoangalia DNA yote, si ya kuumeni peke yake, hawakuweza kuwatenganisha watu wa Savana na wa Elmenteita. Hawa waliochoma wafu na wale waliowalaza chini ya marundo ya mawe walikuwa watu wamoja kwa asili. Mstari wangu wa katikati ya ubao ulikuwa umepita ndani ya familia moja.

Na familia yenyewe ilikuwa ya mchanganyiko. Kwa makadirio ya utafiti huo, kiasi cha asilimia 40 ya asili yao inafanana na ya watu wa Sudan ya leo, kama Wadinka. Nyingine kama asilimia 40 inahusiana na watu wa kale wa Afrika ya Kaskazini na nchi za Mashariki ya Kati. Na asilimia 20 iliyobaki ni ya wawindaji wenyeji wa Afrika Mashariki. Mchanganyiko wa sehemu mbili za kwanza ulifanyika huko kaskazini kabla hawajafika. Ule wa wawindaji waliuongeza njiani na hapa. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, mchanganyiko na wawindaji ulipungua mno, ingawa waliishi jirani. Mtu anaweza kukaa miaka 1,000 jirani na mwenzake, wakauziana asali na ngozi, na wasioane. Hilo nalo halitushangazi.

Sasa, je, haya yanasema nini kuhusu lugha? Kwa ufupi: hayasemi. Mfupa hauna ulimi. Hakuna popote katika zile herufi milioni 60 palipoandikwa kama mwenye nazo alisema Kikushi, Kiniloti, au lugha iliyokufa bila kuacha mtoto. DNA imeondoa hoja ya kwamba vyungu viwili ni asili mbili. Haikuondoa uwezekano wa lugha mbili katika watu wa asili moja. Tuna mfano hai hapa nchini. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, walizungumza lugha ya Kikushi na kuishi kwa uwindaji na asali. Katika miongo ya mwanzo ya karne iliyopita walianza kufuga kwa wingi, wakaoana na majirani wa Kimaa, na kufikia miaka ya thelathini watoto wao walikuwa wanakua wakisema Kimaasai. Damu haikubadilika usiku mmoja, lugha nusura. Mtaalamu wa DNA wa miaka 3,000 ijayo akiwapima babu na mjukuu atawaona ni kitu kimoja, na hatakuwa amekosea.

Mfano wa mbali zaidi ni wale Wakhwe na Wanama wa kusini. Katika Rasi ya Magharibi ya Afrika Kusini, mahali paitwapo Kasteelberg, mabaki ya mfugaji aliyeishi kama miaka 1,200 iliyopita yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya asili yake inahusiana na yule mtu wa Luxmanda. Kutoka Mbulu hadi Bahari ya Atlantiki! Lakini wafugaji wa huko wakati Wazungu wanawakuta walikuwa wakizungumza Kikhoekhoe, lugha yenye vidoko, isiyo na uhusiano wowote wa karibu na Kikushi wala Kiniloti. Nasaba ya kuumeni ilitembea ikafika. Lugha iliyoondoka nayo ilipotelea njiani.

Kwa hiyo tukitaka kujua habari za lugha, turudi kwenye lugha. Na hapa naomba msomaji anivumilie, maana sehemu hii ndiyo inayonikosesha usingizi kwa raha.

Mwambie rafiki yako Mkalenjin ahesabu. Nne atasema ang'wan. Mmaasai atasema ong'wan, na Mjaluo ang'wen. Unasikia wazi kwamba hao ni ndugu wa lugha. Neno ni lao, wametoka nalo kwao. Sasa mwambie ahesabu kwa makumi. Kumi kwa Kikalenjin ni taman, kwa Kimaasai tomon. Ishirini ni tiptem, na kwa Kimaasai tikitam. Thelathini ni sosom, osom. Arobaini ni artam kwa wote wawili. Hamsini ni konom, onom.

Kisha nenda Isiolo ukamsikilize Mborana, au uende Eastleigh kwa Wasomali. Kumi ya Kisomali ni toban. Ishirini ya Kioromo ni digdama. Thelathini ni soddoma kwa Kioromo na soddon kwa Kisomali. Arobaini ni afurtama na afartan. Hamsini ya Kisomali ni konton. Huhitaji shahada kusikia. Waniloti hawa walikuja na nambari zao ndogo, lakini makumi waliyaazima kwa Wakushi.

Ni nani anayehitaji kuhesabu kwa makumi? Mwenye mbuzi wanne hana shida hiyo. Ukianza kuazima arobaini na hamsini kwa jirani, ina maana mmekaa pamoja mkihesabu kitu, mkibadilishana kitu, pengine mkilipana mahari. Siwezi kuthibitisha kuwa kitu hicho kilikuwa ng'ombe, ila ningeulizwa nikisie, sijui ningekisia nini kingine. Na tusiwacheke, maana sisi wasemaji wa Kiswahili tumefanya vivyo hivyo: moja mpaka tano ni zetu, nane na kumi ni zetu, lakini sita, saba, tisa, ishirini, thelathini na kuendelea tuliyaazima kwa Waarabu huko pwani, tukiwa tunahesabu vitu vya kuuza. Wazee wetu waliposema makumi mawili walieleweka vizuri tu. Biashara ndiyo iliyoleta ishirini.

Angalia pia kwamba maneno haya ya makumi yanafanana na Kikushi cha Mashariki, kile cha Waborana na Wasomali, ilhali Ehret alipowataja Wakushi waliotangulia nyanda za juu alikuwa akizungumzia hasa wa Kusini. Ina maana majirani Wakushi walikuwa zaidi ya kundi moja, na ukopaji ulifanyika zaidi ya mara moja. Jedwali la safu mbili halingetosha hata kama DNA isingekuwapo.

Kuna jambo jingine ambalo mifupa ilisema na ambalo linafaa kuangaliwa na kila anayejivunia maziwa. Watu wazima wengi duniani hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa mabichi, tumbo huvuruga. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko lao wenyewe la kinasaba linalowawezesha, tofauti na lile la Wazungu. Ungetarajia wale wafugaji wa kale wawe nalo wote. Katika watu wote waliopimwa mwaka 2019 ni mmoja tu aliyekuwa nalo, kutoka pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi, aliyeishi kama miaka 2,000 iliyopita. Na bado vyungu vyao vimepatikana na mabaki ya mafuta ya maziwa. Walikunywa nini basi? Jibu linalonijia haraka ni mursik. Maziwa yakilala kibuyuni yakachacha, sukari ile hupungua sana, na mwenye tumbo bovu hunywa bila kuumwa. Ninaposikia watu wanasema mursik ni ya wanariadha, nawakumbuka hao.

Turudi bwenini. Kwa nini vijana walibishana mpaka usiku wa manane kuhusu nukta moja kwenye kromosomu? Kwa sababu hawakuwa wakibishana kuhusu kromosomu. Neno mwenyeji lina mwenye ndani yake, na mwenye ni mwenye mali. Katika Bonde la Ufa, kumwita mtu mgeni si salamu. Mwaka 1992, na tena 2007 na 2008, tuliona jinsi neno kama madoadoa, ambalo kamusi inasema ni alama ndogondogo za rangi, lilivyoweza kutangulia moto. Mtu akiibuka na karatasi ya maabara na kusema, "Sisi ndio wa kwanza, sayansi imesema," anachotafuta ni hati ya shamba.

Na si mara ya kwanza. Wakati mifupa hii ya Nakuru na Elmenteita inachimbuliwa, wakoloni walikuwa na haraka ya kuithibitisha kuwa si ya Waafrika. C. G. Seligman alichapisha kitabu chake kuhusu mbari za Afrika mwaka 1930, akidai kwamba karibu kila kitu cha maana barani kililetwa na Wahamiti weupe kutoka nje. Mafuvu yakapimwa urefu na upana, yakapewa majina. Sinia za mawe zikawa nzuri kiasi cha kutokuwa zetu. DNA imekuja kuwapima watu wale wale, na haikumpa Seligman chochote: iliyopata ni watu waliofanyika hapa barani kwa kuchanganyika, wa Sudan, wa kaskazini na wawindaji wa hapa hapa, na ambao wazao wao wako leo katika jamii zinazosema lugha za kila ukoo.

Maana hata hao hawakubaki peke yao. Katika enzi ya chuma waliingia watu wengine wenye asili zaidi ya Sudan, na katika shamba la Deloraine, karibu na Rongai, amepatikana mtu aliyeishi kama miaka 1,200 iliyopita mwenye asili ya Afrika Magharibi, kama walivyo Wabantu wa leo. Rongai, miaka 1,200 iliyopita. Wale wanaodhani mkulima alifika Nakuru kwa gari moshi la settla wapokee habari hiyo taratibu.

Wiki ilipoisha nilimwita yule mwanafunzi na wenzake, wakaja wanne. Nilimwambia hivi: M293 iko kwa Wamaasai, iko kwa Wadatoga, iko kwa Wasandawe na Wakhwe ambao hajawahi kuwasikia. Nikawaomba wafanye hesabu ndogo. Rudi nyuma vizazi kumi, kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inatoa habari za mmoja kati yao. Wale 1,023 wengine haiwajui.

Mmoja wao, kijana mkimya aliyekuwa nyuma, akauliza: "Sasa mwalimu, wasichana? Wao hawana hii Y. Wao ni wa wapi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Katika ule mjadala wote wa bwenini kuhusu nani mwenyeji na nani mgeni, nusu ya watu wa Bonde la Ufa hawakuwa wamehesabiwa kabisa, na hakuna aliyegundua. Nilimweleza kwamba ipo DNA nyingine inayopita kukeni, kutoka kwa mama hadi kwa watoto wote, na kwamba wale wanawake wa Hyrax Hill waliozikwa na sinia zao wangeulizwa kwa hiyo. Kipindi kijacho tunaanza nayo. Lile jedwali la safu mbili nimelifuta katika maandalizi yangu ya somo. Mstari wa katikati ndio uliochukua muda mrefu kufutika, kwa sababu niliuchora kwa wino.